Mji Mzima Kwenye Fremu Moja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Pa Kusimama

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Msafiri kafika mjini, siku zake ni chache, anataka picha moja inayoonyesha majengo yote yakisimama mbele ya anga, na hajui akasimame wapi. Tumechagua zile zinazogusa wengi. Saa tunazotaja ni za Kiswahili. Urefu wa lenzi ni wa kamera ya fremu kamili. Mwenye kamera ya sensa ndogo ya APS-C agawe namba zetu kwa 1.5 ndipo apate lenzi yake.

SWALI: Nililipa nikapanda hadi juu kabisa ya KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, Nairobi, nikitegemea picha ya kukata na shoka. Zimetoka kama ramani: mapaa, magari, na majengo yamekaa kama yameshindiliwa ardhini. Kuna jengo refu zaidi la kupanda?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Umepanda vya kutosha, na zaidi ya hapo. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho hukata kila jengo kwenye kimo kilekile ilipo kamera yako. Ukiwa mita 100 juu, jengo la mita 60 linabaki lote chini ya mstari huo, na nyuma yake utaona ardhi badala ya anga. Jengo la mita 140 litachomoza mita 40 tu. KICC ina ghorofa 28 na kimo cha mita 105, hivyo ukiwa juu yake ni majengo machache ya katikati ya mji yanayofika angani, Times Tower yenye mita 140 likiwemo. Ukipata jengo refu zaidi, hata hayo machache yatazama.

Lipo na jambo la pili, nalo ni zito zaidi: KICC yenyewe haimo kwenye picha yako. Mnara ule, uliokamilika mwaka 1973, ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hapa ni Nairobi. Ukiuondoa, kilichobaki kinaweza kuwa mji wowote wenye maghorofa. Jengo linalotambulisha mji lipige ukiwa nje yake, hata kama tiketi ya kulipanda ni rahisi.

Kimo kinachofaa kwa kawaida ni kati ya theluthi moja na nusu ya majengo marefu ya mji. Hapo barabara na miti inaonekana chini, na vichwa vya majengo vinabaki angani. Nairobi kimo hicho kinapatikana bila lifti. Nenda Uhuru Park, panda mteremko hadi sehemu ya juu ya bustani, ukiupa mgongo upande wa magharibi. Kutoka hapo KICC iko umbali wa kama kilomita moja mbele yako, mashariki. Jua la jioni linakuwa nyuma yako, linapiga nyuso za majengo kuanzia saa 11 hadi saa 12 na robo hivi. Ukienda asubuhi kutoka mahali hapohapo jua litachomoza nyuma ya mji na utapata vivuli vyeusi tu.

Ili usibebe mfuko mzima wa lenzi, piga hesabu hii kabla ya kutoka: 36 gawanya kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali. Jibu ni upana wa mji utakaoingia kwenye fremu. Kwa umbali wa kilomita 1, lenzi ya milimita 24 inachukua kilomita 1.5, ya 50 inachukua mita 720, na ya 85 inachukua kama mita 420. Kwa Uhuru Park, 35 hadi 70 inatosha kabisa. Kwa 24, majengo yanakuwa madogo na nusu ya picha inakuwa majani.

Miezi ya Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu ya kijivu siku nyingi, na jua la jioni ni la kubahatisha. Jioni nzuri kupita zote ni ile inayofuata mvua ya mchana, vumbi likiwa limeoshwa hewani. Uliza walinzi bustani inafungwa saa ngapi, nenda na mwenzako, na giza likiingia kamera iwe ndani ya begi kabla hujaanza kutembea.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimeona picha za twiga mbele ya maghorofa ya Nairobi. Nilipojaribu mwenyewe, twiga alitoka mkubwa vizuri lakini mji ulikuwa mistari midogo, tena inacheza kama ipo ndani ya maji. Nilitumia lenzi ya 18–55.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Ulikuwa karibu mno na twiga, na ulichelewa kufika.

Picha ile ni ya hesabu ya umbali. Twiga mwenye kimo cha mita 5 akiwa mita 200 kutoka kwako anaonekana sawa na jengo la mita 200 lililo kilomita 8 nyuma yake. Jengo la Britam Tower pale Upper Hill lina mita 200 hasa. Twiga akiwa mita 40 mbele yako, anakuwa mara tano ya mnara huo, na mji unageuka mistari. Kwa hiyo rudi nyuma kutoka kwa mnyama, kisha mvute kwa lenzi ndefu. Lenzi ya 200 hadi 300 inafaa. Kwa 300 na umbali wa kilomita 8 fremu inabeba karibu kilomita moja ya mji, ambayo ni Upper Hill au katikati ya mji, si vyote viwili.

Lenzi ndefu ina adhabu yake. Ukifokasi twiga, mji unaweza kuwa ukungu. Kwa 200 na upenyo wa f/11 (upenyo ni tundu la lenzi linaloingiza mwanga), fokasi kitu kilicho mita 120; kuanzia mita 60 hadi mwisho wa macho vyote vitakuwa vikali. Kwa 300 na f/8, fokasi iwe karibu mita 375, na mnyama asiwe karibu kuliko mita 190. Huna kipimo cha umbali? Fokasi mti au kichaka kilicho nyuma ya mnyama, mara mbili ya umbali wake, kisha badilisha fokasi iwe ya mkono ili isihame.

Ule mchezo wa maji ni joto linalopanda kutoka ardhini. Hakuna lenzi wala programu inayolitibu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hufunguliwa saa 12 asubuhi. Uwe getini kabla ya hapo, na ifikapo saa 3 jihesabu umemaliza. Mji uko kaskazini mwa mbuga, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka kulia kwako na kuchonga majengo kwa ubavu, mwanga mzuri sana. Usipange picha za taa za usiku huko: mageti hufungwa saa 12 jioni, na jua linazama baada ya hapo. Malipo ya hifadhi si ya fedha taslimu, kwa hiyo yakamilishe kwa simu mapema badala ya kupoteza nusu saa ya mwanga getini.

Utapiga ukiwa ndani ya gari. Zima injini, mtetemo wake unaharibu picha ya lenzi ndefu. Jaza mchele au maharage kilo moja na nusu kwenye mfuko wa kitambaa, ulaze juu ya mlango kioo kikiwa kimeshushwa, lenzi ikae juu yake. Ni imara kuliko mkono wa mtu yeyote.

SWALI: Nikifika mji nisioujua kabisa, na nina siku moja tu, naanzia wapi kutafuta mahali?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Anzia nyumbani, juu ya ramani, saa moja kabla ya safari. Fungua ramani ya setilaiti na utie alama kwenye majengo matatu au manne yanayotambulisha mji. Kisha tafuta nafasi tupu inayoyakabili. Nafasi tupu ni maji, kwanza kabisa: ng'ambo ya mto, ya bandari, ya ziwa. Maji hayajengwi, hivyo hakuna kitakachokuziba. Baada ya maji tazama mteremko wa bustani, viwanja vya michezo, madaraja yenye njia ya waenda kwa miguu, na paa la juu la maegesho ya magari ya ghorofa. Maegesho husahaulika na wengi, na ni mahali pazuri: hakuna kioo, hakuna tiketi ya kutazama, na kimo chake cha ghorofa tano hadi nane ni kile tunachokitaka. Mwombe mlinzi ruhusa, mwambie utakaa muda gani.

Sasa chora mstari kutoka mahali ulipopachagua hadi kwenye majengo, utazame unaelekea wapi. Ukielekea mashariki, hapo ni pa jioni. Magharibi, pa asubuhi. Kaskazini au kusini panafaa nyakati zote mbili, na ndipo tungepachagua mtu akiwa na siku moja tu, kwani mwanga wa ubavu unaonyesha umbo la majengo kuliko mwanga wa usoni. Programu kama PhotoPills huonyesha jua litachomoza na kuzama upande gani hasa kwa tarehe yako.

Hatua ambayo watu huiruka ni kufika mahali hapo mchana kwanza. Picha za setilaiti na za mitaani zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma. Katikati hapo kumejengwa ghorofa, au mti umekua, au geti limefungwa. Nenda saa 8 mchana, simama, piga picha ya majaribio kwa simu, ujue utaweka wapi stendi ya kamera na utatokea njia gani gizani. Jioni ukirudi usiwe unatafuta.

Hoteli nayo ni mahali pa kupigia, ukiipanga. Unapoweka nafasi usiandike tu "chumba chenye mandhari". Taja upande: ghorofa ya juu, dirisha linalotazama kaskazini, kwa mfano. Na uliza kama dirisha linafunguka au kuna roshani. Swali hilo la pili lina thamani kuliko la kwanza.

SWALI: Naishi Kigamboni. Kila jioni nauona mji wa Dar es Salaam ng'ambo, lakini nikipiga majengo yanatoka meusi. Kamera ina shida?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kamera ni nzima. Kutoka kwako mji uko upande wa magharibi, na jioni jua linakuwa nyuma yake. Amka alfajiri. Jua likishachomoza nyuma yako, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, minara ya katikati ya mji inapata mwanga wa moja kwa moja, na jengo la Mamlaka ya Bandari huonekana tangu mbali. Mara nyingi saa hizo upepo haujaamka na maji yametulia. Kusi ikianza kuvuma, kivuli cha majengo majini kinapotea.

Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka. Maji yakijaa yanakuja hadi miguuni na picha inakuwa na maji kuanzia mbele hadi mjini. Yakitoka, mbele yako ni mchanga, mawe na mitumbwi iliyolala. Picha ya maji kupwa si mbaya, ila ni picha nyingine, itafutie mtumbwi wa kuweka mbele.

Jioni pia usiitupe. Ule weusi ulioulalamikia unafaa kwa dakika chache jua likiwa limegusa mapaa: pima mwanga kwenye anga, achia majengo yawe vivuli, na uchague mahali ambapo jengo halimezi jingine. Kisha subiri taa.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya waenda kwa miguu, na kutoka huko unaitazama Upanga na mji kwa upande wa kaskazini. Daraja linatetemeka magari mazito yakipita. Kwa picha ya sekunde kadhaa subiri pengo kati ya magari, na usiegemeze stendi kwenye reli.

Kuhusu usalama tunasema bila kuzunguka: usielekeze kamera Ikulu ya Magogoni, bandarini, kivukoni wala kwenye eneo lolote la jeshi. Lenzi ndefu ikielekezwa huko kutoka ng'ambo inaonekana vibaya hata kama nia yako ni njema. Drooni nayo inahitaji vibali vinavyoombwa mapema. Usiirushe kwa kudhani hakuna anayeona.

SWALI: Taa za mji zinatoka nyeupe kama matundu na anga inakuwa nyeusi tii. Napiga saa 2 usiku kwa "auto".
Msomaji, Kampala

JIBU: Saa 2 usiku umeshachelewa, na "auto" inaona anga jeusi inadhani picha nzima ina giza, hivyo inaongeza mwanga hadi taa zinaungua.

Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, na utusitusi ni mfupi. Kutoka jua kuzama hadi anga kupoteza buluu yake una kama nusu saa, na dakika bora ni kati ya ya 12 na ya 25. Ndizo dakika ambazo mwanga wa anga na mwanga wa taa unakaribiana, kwa hiyo kamera inaweza kuvibeba vyote. Uwe umeshasimamisha stendi na kufokasi kabla jua halijazama.

Weka kamera kwenye mkono (M), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, upenyo f/8. Anza na sekunde 1 kwenye dakika ya 10, utafika sekunde 4 hivi dakika ya 18, na sekunde 10 hadi 15 dakika ya 25. Piga moja kila dakika mbili, ukiongeza muda, usibadilishe kingine. Zima kitulizaji cha lenzi, kwani juu ya stendi chenyewe kinaweza kutikisa. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiguse kamera wakati shata inafunguka. Hifadhi kwa RAW (faili ghafi), na joto la rangi lianze kwenye 4000K, vinginevyo taa za barabarani zinapaka kila kitu njano.

Chagua siku ya kazi. Madirisha ya ofisi ndiyo nusu ya picha, na Jumapili yamezimwa.

Kwa mahali: mnara wa Msikiti wa Taifa wa Uganda pale Old Kampala una ngazi zaidi ya 300, na ukifika juu unaona vilima vya mji pande zote. Ni mahali pa mchana. Vaa kwa heshima. Akina mama hupewa cha kujifunika getini. Picha ya taa itafute kwenye kilima kinachokikabili kile unachotaka kukipiga. Kampala na Kigali zimekupa kimo bure, ila usisimame juu ya kilima kilekile unachotaka kionekane.

SWALI: Nakwenda Dubai siku nne kufuata mzigo, nitakaa Deira. Nina simu nzuri na nataka picha ya Burj Khalifa na mji. Ninunue tiketi ya kupanda juu?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Kwa picha ya mji, hapana. Kutoka ghorofa ya 124 uko zaidi ya mita 400 juu, na kwa kanuni tuliyomweleza msomaji wa Nakuru, karibu kila jengo mbele yako liko chini ya upeo wa macho. Tena Burj Khalifa iko chini ya miguu yako. Panda kwa ajili ya kuona, ni haki yako, lakini picha ya mji ipigie kwingine.

Mnara huo una mita 828, na watu wengi huusogelea mno. Ukisimama kwenye chemchemi chini yake lazima uinue simu, na majengo yote yanaanguka kwa nyuma. Ili uingie wote simu ikiwa wima na bila kuinuliwa, kwa lenzi kuu ya simu (kama 24) unahitaji kuwa umbali wa kilomita 1.1 au zaidi. Ndiyo maana picha nzuri zinatoka mbali.

Mahali petu pa kwanza ni Dubai Creek Harbour. Iko ng'ambo ya maji, na safu yote ya majengo ya Downtown, mtaa wa Burj Khalifa, iko upande wa magharibi, kiasi cha kilomita 7. Jua linazama nyuma yake au karibu na hapo. Tumia lenzi ya kuvuta ya simu, mara 3 au mara 5, si kukuza kwa vidole, maana huko ni kukata picha tu. Usiondoke jua likizama. Taa za mnara zinawaka na anga bado lina rangi.

Pa pili pako mlangoni kwako. Kutoka upande wa Deira wa Khor, mkono wa bahari unaoingia mjini, tazama Bur Dubai ng'ambo: nyumba za zamani, misikiti, majahazi, na abra (boti ndogo za kuvusha watu) zikipita mbele. Asubuhi jua linatoka nyuma yako na kupaka nyumba rangi ya asali. Abra ya kuvuka ni dirhamu 1, na katikati ya maji ndipo pande zote mbili zinaonekana. Ndani ya abra usitumie hali ya usiku ya simu, inahitaji utulivu wa sekunde kadhaa na chombo kinayumba. Piga kabla giza halijaingia.

Dubai Frame, yenye mita 150, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaonyesha mji wa zamani upande mmoja na Barabara ya Sheikh Zayed upande mwingine. Kimo chake ni kizuri, ila unapiga kupitia kioo. Soma jibu linalofuata.

Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, kioo cha lenzi kinapata umande papo hapo. Usifute ukafuta: weka simu au kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto polepole. Novemba hadi Machi hewa ni safi zaidi. Juni hadi Agosti mvuke na vumbi hufuta majengo ya mbali hata adhuhuri. Na usipige watu bila ruhusa yao, sheria ya huko ni kali juu ya faragha.

SWALI: Nikipiga kupitia kioo cha ghorofani najiona mwenyewe ndani ya picha. Nifanyeje?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Gusisha lenzi kwenye kioo. Mng'ao unaingia kupitia nafasi kati ya lenzi na kioo, kwa hiyo ifunge: kofia ya lenzi ya mpira, au kitambaa cheusi kisichong'aa kilichozungushwa. Vaa shati jeusi. Zima taa za chumba ukiweza. Kama ni kioo cha tabaka mbili, simama uso kwa uso na dirisha, usipige kwa mshazari, vinginevyo kila taa inatoka mbilimbili. Kichujio cha polaraizi kiondoe. Kwenye kioo kilichokazwa kinaleta mabaka ya rangi. Futa kioo kwa ndani kwanza. Uchafu wa nje huwezi kuufikia, ila ukifungua upenyo hadi f/4 hauonekani sana.

SWALI: Zanzibar na Mombasa hazina maghorofa marefu. Kuna picha ya mji hapo kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ipo, na tunaipenda kuliko ya minara ya vioo. Miji hiyo ilijengwa itazamwe na mtu anayeingia kwa chombo, kwa hiyo pa kusimama ni majini.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unatazama magharibi. Kodi mashua au ngalawa Forodhani saa 11 jioni, mwambie nahodha asimame mita 300 hadi 500 kutoka ufukweni, utapata Ngome Kongwe, nyumba za ufukweni na minara ya misikiti kwenye mwanga wa usoni. Jumba la Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, lilibomoka kwa sehemu Desemba 2020, mnara wake wa saa ukiwemo. Usipange picha yako kwa kutegemea kadi za posta za zamani. Juu ya chombo sahau stendi. Shata iwe 1/250 au zaidi, ISO ipande hadi 800 au 1600 jua likishuka, lenzi 50 hadi 100.

Mombasa ni kinyume. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa hiyo mwanga wake ni wa asubuhi, na mahali pa kuutazama ni ng'ambo, upande wa English Point. Fort Jesus iko kushoto zaidi, kusini. Kivukoni Likoni usitoe kamera.

SWALI: Nipo Uingereza. Wikendi moja ya Desemba nitakuwa London. Nina mchana mmoja tu.
Msomaji, Leicester

JIBU: Desemba jua la London linazama kabla ya saa 10 alasiri, lakini utusitusi ni mrefu, kama dakika 40, kwa hiyo una nafasi kubwa kuliko tuliyonayo huku. Simama Daraja la Waterloo saa 9 na nusu. Mto umepinda hapo, hivyo ukitazama mashariki unaona Kanisa la St Paul's na minara ya City (mtaa wa mabenki), na ukigeuka unaona Westminster. Mahali pamoja, picha mbili. Kwanza magharibi jua likizama, kisha mashariki taa zikiwaka.

London ina jambo ambalo tungetamani kila mji uwe nalo: mipango miji yake imeorodhesha mandhari zisizoruhusiwa kuzibwa. Primrose Hill, Parliament Hill na Greenwich Park zimo. Ukifika hapo una hakika mji unaonekana. Sky Garden iliyo 20 Fenchurch Street haina malipo ila lazima uweke nafasi mapema, na stendi haziruhusiwi.

SWALI: Nataka mwezi mpevu mkubwa nyuma ya majengo ya Kigali. Unatoka mdogo kama punje.
Msomaji, Kigali

JIBU: Mwezi haubadiliki ukubwa, ni majengo yanayotakiwa kupungua. Gawa umbali wako kwa 115: hiyo ndiyo mita ambazo mwezi utafunika kwenye jengo. Ukiwa mita 500, mwezi ni sawa na mita 4, yaani kama ghorofa moja na kitu. Ukiwa kilomita 4, ni sawa na mita 35, karibu ghorofa kumi. Kwa hiyo hama kilima, lenzi iwe 300 au zaidi, na shata isizidi nusu sekunde kwa sababu mwezi unatembea.

Usiende siku yenyewe ya mwezi mpevu. Nenda siku moja kabla: unachomoza kama dakika 50 mapema zaidi, anga lingali na mwanga, na unaweza kupata uso wa mwezi na majengo kwa pigo moja. Siku moja baada ya mwezi mpevu anga ni jeusi na mwezi unaungua.

Saa inayotolewa na programu kama PhotoPills ni ya mwezi kuchomoza kwenye ardhi tambarare. Kigali ni vilima. Karibu na ikweta, kila nyuzi 1 ya kilima kilicho mbele yako inachelewesha mwezi kwa dakika 4 hivi. Nyosha mkono: upana wa kidole kidogo ni karibu nyuzi 1. Kilima kikiwa vidole vitatu juu ya upeo wa macho, usikunje stendi mpaka dakika 12 zipite.